Karela: Namna ya Kuipika na Kuitumia kama Dawa kwa Kiasi

Karela, ambayo wengine huiita tango chungu, ni tunda la mmea utambaao ulio katika jamii moja na maboga, matango na matikiti, na jina lake la kitaalamu ni Momordica charantia. Wengi huifahamu ama kama mboga isiyolika kwa uchungu, ama kama dawa ya kisukari inayonywewa huku mtu amefumba macho. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinaikosea. Karela iliyoandaliwa vizuri hubaki na uchungu kidogo unaoamsha hamu ya kula, na atakayeizoea kama mboga hatakuwa na haja kubwa ya kuinywa glasi kwa glasi.

Kazi huanzia kwenye kuchagua. Karela ya aina ya Kihindi ni nyembamba, ya kijani iliyokolea, yenye vinundu vilivyochongoka mwili mzima, na uchungu wake ni mkali. Ile ya Kichina ni ndefu zaidi, ya kijani kilichopauka, yenye matuta laini, na ndiyo inayomfaa mtu anayeanza. Vyovyote iwavyo, chagua iliyo ngumu ukiibinya, yenye ngozi inayong'aa, na uiache ile iliyoanza kugeuka manjano nchani, kwa kuwa imeshaanza kuiva na nyama yake itarojeka jikoni. Karela ikiiva kabisa huwa ya rangi ya machungwa, hupasuka yenyewe vipande vitatu, na mbegu zake huonekana zimefunikwa na utando mwekundu wenye utamu. Utamu huo huwavutia watoto, nao wazuiwe, maana mbegu zenyewe si za kula.

Kabla ya kupika, osha karela, kata ncha zote mbili, kisha uipasue kwa urefu. Ndani utakuta mbegu na nyama nyeupe iliyo kama sifongo. Komba vyote kwa kijiko mpaka kuta za ndani zibaki safi. Aina ya Kihindi waweza pia kuiparuza kidogo kwa kisu ili vinundu vipungue. Ikate vipande vyembamba vya mwezi mwandamo, unyunyizie chumvi kijiko kimoja cha chai kwa karela tatu za wastani, uchanganye kwa mkono na uiache kwa dakika 20 hadi 30. Utaona maji ya kijani yamejikusanya chini ya bakuli. Chukua vipande konzi kwa konzi, uvikamue kwa nguvu bila kuvipondaponda, uvisuuze haraka kwa maji baridi na uvikamue tena. Wapo wanaoiloweka usiku kucha au kuichemsha na kumwaga maji mara mbili tatu; mimi sioni faida yake. Gramu 100 za karela mbichi zina takriban miligramu 84 za vitamini C, na vitamini hiyo huyeyuka katika maji, kwa hiyo kila maji yanayomwagwa huondoka na sehemu yake, na kinacholetwa mezani ni mboga iliyopoa ladha.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuikaanga. Pasha mafuta vijiko viwili au vitatu vya chakula katika kikaango kipana, tia karela peke yake, na uiache mpaka kingo zake zianze kuwa kahawia kabla ya kuongeza kitu kingine chochote. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayobadilisha ladha. Kikaango kisifunikwe, kwa sababu mvuke utailainisha. Karela ikishashika rangi, tia kitunguu maji kingi kilichokatwa vyembamba, kitunguu saumu, bizari ya manjano na bizari nyembamba, uendelee kukoroga mpaka kitunguu kiwe laini na kitoe utamu wake. Malizia kwa maji ya ndimu au ukwaju. Ukitaka mlo kamili, vunjia mayai mawili juu yake mwishoni, uyavuruge hadi yashike. Huko Okinawa, Japani, karela hukaangwa hivyohivyo kwa mayai, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) na nyama ya nguruwe, nacho ni chakula cha kila siku. Nchini India wapo wanaoiacha nzima, wakaipasua ubavuni, wakaijaza vitunguu na viungo vilivyosagwa, wakaifunga kwa uzi na kuikaanga kwa moto mdogo. Tui la nazi nalo huipoza vizuri, ila litiwe mwishoni, karela ikiwa imeshakaangwa.

Upande wa dawa, karela imetumika kwa muda mrefu katika tiba za asili za India, China, Afrika na visiwa vya Karibi. Majani huchemshwa kuwa chai kwa ajili ya homa, minyoo na tumbo. Huko Jamaika chai hiyo ni maarufu sana. Majani mabichi yaliyopondwa hupakwa penye vipele na mwasho. Tunda bichi hutumika zaidi kwa kisukari, na jambo hilo si la kubuni tu, kwa kuwa lina viambata, kikiwemo kiitwacho charantini, vilivyoonekana kushusha sukari katika wanyama wa maabara. Kwa binadamu, ushahidi ni dhaifu kuliko sifa zake. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio manne yenye washiriki 479, hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza kuwa tiba ya kisukari cha aina ya pili.

Anayetaka kunywa juisi atumie nusu ya karela ndogo iliyotolewa mbegu, aisage kwa maji nusu kikombe, aichuje na kuikamulia ndimu, kisha anywe kidogokidogo baada ya kula. Kuinywa kwa wingi tumbo likiwa tupu huleta msokoto na kuhara, na watu hukosea wakidhani huko ndiko kusafishwa kwa mwili.

Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari amweleze daktari wake kwanza, kwa kuwa karela na dawa zikifanya kazi pamoja zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Akiziona, na bado anaweza kumeza, apewe upesi kitu chenye sukari, kisha atafutiwe msaada wa tabibu. Asiache wala kupunguza dawa zake kwa sababu ameanza kunywa juisi. Mjamzito asitumie juisi, chai wala mbegu za karela, maana majaribio kwa wanyama yameonyesha hatari ya mimba kuharibika. Watoto wadogo nao wasipewe chai wala juisi yake, kwa kuwa sukari yao inaweza kushuka hadi wakapoteza fahamu. Mtu mwenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, aiepuke, hasa mbegu zake, kwani zina visini, kiambata kinachohusishwa na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Anayesubiri upasuaji amjulishe daktari na aache juisi na vidonge vya karela walau wiki mbili kabla, ili sukari isiyumbe akiwa kwenye meza ya upasuaji.