Taa ya injini imewaka kwenye dizeli? Usikimbilie kuagiza sensa ya ekzosi

Wakuu, hii ni kwa wenye pikapu na vibasi vya dizeli vya kisasa huku Kigoma, zile zenye DPF (chujio la masizi) kwenye ekzosi. Kama wewe ni wa hardtop yenye injini ya 1HZ pita tu, haya madude hauna. Kwa waliobaki, ishu yetu kubwa ni kwamba sensa zenyewe dukani Mwanga huzikuti, mpaka zitoke Dar, sasa unakuta gari imepimwa na mashine, imetoka kodi (namba ya kosa) P2453, mtu kaambiwa sensa ya presha ya DPF imekufa, hela imetumwa, mzigo umekuja na basi, umefungwa, kesho yake taa hiyo hiyo. Kodi haijasema sensa imekufa. Imesema majibu yanayotoka upande huo hayaeleweki, na hayo majibu yanaharibiwa na vitu vingi tu kabla hujafika kwenye sensa yenyewe.

Kabla fundi hajafuta chochote, piga picha kodi zote pamoja na data za wakati taa inawaka, yaani spidi, joto, mizunguko ya injini. Ukifuta kwanza umejifunga mwenyewe. Na kama zimetoka kodi za sensa tatu nne kwa mpigo, acha sensa, nenda kwenye ethi (waya hasi unaoenda bodi) na ile volti 5 ambayo sensa nyingi huwa zinachangia, maana hazifi zote siku moja.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni cha asubuhi, gari imelala usiku kucha. Swichi on, usiwashe injini, fungua data. Sensa za joto la ekzosi zote zinatakiwa zisome karibu sawa na hewa ya nje, kwahiyo moja ikikuambia 180 wakati wenzake wako 23 hapo umeshampata mtuhumiwa, ila bado fuata waya wake kwanza, mara nyingi umelalia bomba umeyeyuka au panya kautafuna. Ukitaka kupima na multimita jua kwanza sensa yako ni aina gani, zile za platinamu za 200 zinasoma kama omu 220 kwenye joto la 25, zingine zikiwa baridi zinasoma maelfu, watu wanatupa sensa nzima kwa kutojua hilo. Na wakati wa kuifungua usiivunje kwa nguvu, piga dawa ya kutu, pasha moto injini kidogo, ndio ufungue taratibu. Ikikatikia humo ndani ya bomba utatafuta mtu wa kuchomelea.

Sensa ya presha ya DPF, hapo hapo swichi on injini imezimwa, lazima isome 0 au karibu kabisa na 0. Ikionyesha 4 kPa na hakuna kinachounguruma, inadanganya. Ikiwa 0 ukiwasha na kukanyaga mafuta inatakiwa ipande, isipopanda kabisa angalia ile mipira miwili inayotoka kwenye bomba, mmoja mbele ya DPF mmoja nyuma. Hapa ndio nimekuta shida nyingi kuliko sehemu yoyote, mpira umepasuka kwa joto, umeziba masizi, nyigu wameziba kwa udongo kwenye gari iliyopaki muda mrefu, au mtu alifungua akarudisha kinyume. Ichomoe kwenye sensa kwanza ndio upulize kuelekea kwenye bomba, ukipuliza kompresa kuelekea sensa unaiua. Baada ya hapo pima plagi: waya mmoja volti 5, mmoja ethi, wa tatu ni wa majibu, na sensa nyingi unakuta nusu volti hadi karibu volti moja pasipo presha. Chomeka kipande cha mpira safi tundu la upande wa mbele, puliza kwa mdomo polepole, volti zisipocheza kabisa wakati 5 na ethi zipo, sasa agiza.

Ikicheza vizuri na bado presha iko juu barabarani, basi sensa inasema kweli na DPF imejaa. Gari inayoshinda Mwanga na Ujiji tu haipati joto la kuchoma masizi, inahitaji kama nyuzi 600 huko ndani. Ipeleke Kasulu na kurudi kwa mwendo wa kueleweka.

Halafu kuna hii, watu wanaangalia video wanaona sensa ya presha ya hewa inatakiwa isome 101 kPa injini ikiwa imezimwa, wanaogopa. Hiyo ni ya pwani. Hapa ziwani itasoma kama 92, Tabora kama 88, gari ni nzima.

Sensa ya NOx (inayopima gesi chafu kwenye moshi), ile ya malori yenye AdBlue, dawa ya kusafisha moshi, omu hazikusaidii, ina kiboksi chake na inaongea kwa CAN, yaani waya mbili ambazo kompyuta za gari zinawasiliana nazo. Cheki kama umeme unafika na ethi ipo, kisha zima kila kitu upime kati ya waya mbili za CAN, upate kama omu 60. Isiposoma dakika za mwanzo usiilaumu, inasubiri ekzosi ikauke. Waya wa kati ya sensa na kiboksi usiunge, wanapimwa pamoja kiwandani. Na tafuta bomba linalovuja kabla yake, hewa ikiingia inaharibu hesabu.

Ukishafunga, futa kodi, tembea mpaka Uvinza hivi, ukirudi chomeka mashine tena hata kama taa haijawaka, kodi inayosubiri huwa inaonekana humo kabla ya taa.