Diski ya RAID Imekufa: Kuharakisha Ujenzi Upya, Pacha Dhidi ya Pariti

RAID ni mpangilio wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja: RAID 10 huweka nakala kwenye diski pacha, RAID 5 huweka pariti, yaani hesabu ya kurudishia data iliyopotea. Diski moja ikifa, mpya hujazwa upya. Anza na hesabu. Diski ya terabaiti 8 inayoandika megabaiti 200 kwa sekunde haiwezi kujaa chini ya saa 11, na kwa kuwa kasi hushuka kadiri kichwa kinavyosogea kuelekea katikati ya sahani, tarajia 14 au 15. Seva ikiwa haina kazi nyingine, RAID 10 na RAID 5 humaliza karibu sawa, maana kinachochelewesha ni uandishi wa diski mpya. Wanaoilaumu hesabu ya pariti wanaionea bure: prosesa ya leo haiihisi.

Seva ikiwa kazini, mambo hubadilika. Chukua diski sita. Kwenye RAID 10, diski mpya hunakiliwa kutoka kwa pacha wake tu: terabaiti 8 zinasomwa, diski nne zingine zinaendelea kuhudumia watu. Kwenye RAID 5, zote tano zilizobaki husomwa mwanzo hadi mwisho, terabaiti 40, na mwendo ni wa ile iliyo goigoi kuliko zote. Juu ya hapo, kila anayeomba data iliyokuwa kwenye diski iliyokufa huzilazimisha zote tano kusoma. Saa 15 hugeuka siku kadhaa.

Kwenye Linux, tazama maendeleo kwa `cat /proc/mdstat`. Kasi ikiwa chini sana, inua kiwango cha chini, ambacho kwa kawaida ni 1000 tu (kilobaiti kwa sekunde):

`echo 50000 > /proc/sys/dev/raid/speed_limit_min`

Watumiaji watalalamika kidogo. Kwa RAID 5 na 6 (yenye pariti mbili) pekee, ongeza pia akiba ya mistari, kumbukumbu ya muda ya kukokotolea pariti (`md0` ni jina la safu yako ya diski):

`echo 8192 > /sys/block/md0/md/stripe_cache_size`

Kwa diski sita hiyo hula megabaiti 192 za RAM.

Bado inajikokota? Endesha `iostat -x 5`. Diski moja ikiwa na shughuli asilimia 100 huku zingine zikisubiri, hiyo ni mgonjwa, au ni ya SMR (njia zake za data zimepandiana), ambayo hulemewa na uandishi mrefu. Usiinunue kwa RAID. Zote zikiwa chini kwa usawa, shuku kadi inayoziunganisha na seva. Kadi ya PCIe 2.0 yenye njia moja hupitisha chini ya megabaiti 500 kwa sekunde. Zigawe kwa diski sita, kila moja inapata kama 80. Pacha wawili wangegawana wao wenyewe, wala wasingeubana mlango huo.

Diski ikianza kuonyesha sekta mbovu lakini bado inasomeka, usiitoe. Ongeza mpya (hapa `sdg1`), kisha badilisha ile mbovu (`sdc1`):

`mdadm /dev/md0 --add /dev/sdg1`
`mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdc1 --with /dev/sdg1`

Hapo hata RAID 5 hunakili diski kwa diski kama pacha, na pariti huguswa pale tu sekta inapogoma kusomeka. Ni njia bora kuliko zote hapa, na wengi huikosa kwa haraka ya kuchomoa kebo.

Ikiwa imeshakufa na RAID 5 haina tena kinga, ongeza subira ya kerneli (kiini cha Linux) kwa kila diski iliyobaki, kutoka sekunde 30:

`echo 180 > /sys/block/sdb/device/timeout`

Bila hivyo, diski ya kawaida ikihangaika na sekta moja inaweza kutupwa nje, na safu nzima ikasimama.

Ikimalizika, rudisha `speed_limit_min` kuwa 1000, kisha kagua kwa `echo check > /sys/block/md0/md/sync_action`.