Madogo wa fomu foo Kigoma, namna ya kusoma kitu kikakaa kichwani

Wadogo zangu, NECTA, yani mtihani wa taifa, inasogea na naona mnavyokesha, daftari la Historia limesomwa mpaka kurasa zinachomoka halafu kwenye jaribio mtu anakumbuka aya mbili tu. Sio kwamba kichwa chako kizito. Shida ni namna unavyosoma, na hii ishu wanasaikolojia wameichimba miaka mingi sana.

Anza na umakini, maana kitu usichokizingatia huwezi kuja kukikumbuka. Mwaka 1953 Colin Cherry, Muingereza, aliwavalisha watu hedifoni, sikio hili sauti moja sikio lile sauti nyingine, akawaambia wafuatilie moja tu na kuirudia kwa mdomo. Ile nyingine walijua kama ni ya kiume au ya kike basi, hata ilipogeuka ikawa Kijerumani hawakushtuka. Ndio wewe unasoma Bailojia huku meseji za grupu zinaingia, macho yanapita kwenye mistari ila hakuna kinachoingia. Na usijidanganye kwamba unaviweza vyote viwili, akili inaruka tu huku na huku na kila ikiruka inachelewa kurudi ilipokuwa. Simu izime au mpe mama akushikie. Kama nyumbani kuna redio na watoto, na nyumba nyingi za mitaa yetu ya Mwanga na Gungu ndo zilivyo, amka alfajiri kabla ya wenzio, soma nusu saa ya kweli, nyoosha miguu, rudi tena.

Umetulia sasa, ila kuna kingine. Ile sehemu ya akili inayoshika unachokifanyia kazi muda huohuo ni ndogo mno. George Miller mwaka 1956 alisema ni vitu 7 hivi, ongeza au punguza 2, alafu 2001 Nelson Cowan akaonyesha kwamba mtu asipopewa nafasi ya kuvirudia rudia wala kuvifunga mafungu vinabaki kama 4. Vinne! Kwahiyo ukimeza tarehe kumi na mbili moja moja unajitesa bure. Zifunge, moja iivute nyingine kwa kujiuliza "kwanini".

Chukua hii ya hapahapa kwetu. Reli ya kati inafika Kigoma 1914, mwaka huohuo vita ya kwanza ya dunia inaanza, na Wajerumani wanataka kulitawala ziwa Tanganyika. Meli wameitengeneza kwao Ujerumani, sasa itafikaje ziwani? Inafunguliwa vipande, inakuja Dar kwa bahari, inapandishwa treni, inaunganishwa hapa Kigoma na 1915 inaingia majini ikiitwa Graf von Götzen. 1916 wanazidiwa, wanaizamisha wenyewe adui asiichukue. Waingereza wanaiibua 1924, na 1927 inarudi kazini kwa jina la Liemba. Umeona, tarehe 5 ila ni habari moja, ukiishika reli tu zingine zinakuja zenyewe.

Sasa hapa ndo penyewe. Kurudia kusoma kunadanganya, maandishi yakishazoeleka unahisi unayajua kumbe unayatambua tu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, Marekani, walichukua wanafunzi, kundi moja likasoma habari vipindi 4, kundi lingine likasoma kipindi 1 na vipindi 3 vilivyobaki likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma wakaongoza. Baada ya wiki waliojipima walikumbuka kama asilimia 61, waliorudia kusoma 40, na hao ndo walikuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka! Kwahiyo ukimaliza topiki funika daftari, chukua karatasi tupu, andika kila kitu unachokumbuka hata kama kinatoka kwa shida, ile shida yenyewe ndo inayokaza kumbukumbu, usikimbilie kufunua. Halafu fungua, tia alama ulichokosa, rudi kwenye hizo sehemu tu. Kama mko wawili mulizane njiani mkienda shule.

Na usimalize yote siku moja. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe akachapisha 1885, akakuta kusahau kunaenda kasi sana siku ya kwanza halafu kunapungua. Jipime kesho yake, tena baada ya siku tatu hivi, tena wiki ijayo. Masaa matatu yaliyogawanywa hivyo yanazaa kuliko masaa matatu ya mkupuo. Hesabu changanya, usifanye maswali ishirini ya logarithimu mfululizo, weka na jometri na takwimu humohumo ili ujifunze kutambua swali linataka njia gani, maana kwenye pepa hakuna atakayekuambia.

Kulala je? Lala jamani. Ulichosoma mchana ubongo unaendelea kukipanga ukiwa usingizini, na asiyelala kesho yake hata swali analisoma mara tatu ndo analielewa. Usiku wa kuamkia pepa jipime kidogo mapema, saa tatu funga madaftari, andaa kalamu na namba yako ya mtihani, ukalale.