Ubalozi mpya: kabla hujamwita msanifu

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kwa miaka 11 kazi yangu wizarani imekuwa majengo ya balozi zetu, na kila anayekabidhiwa jalada la ubalozi mpya nimemwona akikimbilia michoro. Msanifu asubiri. Anza na kiwanja.

Ibara ya 21 ya Mkataba wa Vienna wa 1961, unaoongoza mahusiano ya kidiplomasia, inaitaka nchi mwenyeji ikurahisishie kupata jengo, au ikusaidie kulipata kwa njia nyingine. Haisemi ikupe bure. Cha bure huja kwa kubadilishana: nanyi mmewapa kwenu. Basi makubaliano yaandikwe yote, ukubwa, muda wa umiliki, na hasa tarehe ambayo usipoanza kujenga kiwanja kinarudi kwa mwenyewe.

Kisha lipia uchimbaji wa mashimo ya kupima udongo, hata kama ardhi inapendeza. Kiwanja changu cha kwanza kilikuwa tambarare kama meza. Shimo la tatu, chombo kikagonga chuma: bomba kuu la maji la mji, ambalo halikuwemo kwenye ramani yoyote tuliyopewa. Jengo likasogezwa, bustani ya balozi ikaliwa.

Sasa fedha. Hazina haishawishiki kwa maneno ya heshima ya taifa. Mimi huwapelekea karatasi moja: kodi ya pango tuliyolipa miaka kumi, ya ofisi, ya makazi ya balozi na ya nyumba za maofisa, kila moja na safu yake. Chini yake naweka rejesho la mkopo wa kujenga. Karatasi hiyo imenifungulia milango mingi kuliko hotuba.

Njia nyingine ni kuuza cha zamani. Ubalozi wa Marekani uliofunguliwa London mwaka 2018 uligharimu kama dola bilioni 1, zilizotokana na mauzo ya majengo yao ya mjini humo. Mnyonge hana cha kuuza, lakini anaweza kuungana na jirani: Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden zilifungua balozi zao Berlin mwaka 1999 ndani ya uzio mmoja, kila nchi na jengo lake, ukumbi wakichangia. Kuongeza ghorofa za kupangisha kunavutia pia, ila usitegemee kinga wala msamaha wa kodi kwa sehemu ya biashara.

Na msamaha wenyewe una tundu. Ibara ya 23 ya Mkataba huohuo wa Vienna inasamehe kodi za jengo. Haimsamehi mkandarasi uliyeingia naye mkataba. Kodi zake ataziingiza kwenye bei, usipozijadili kabla ya zabuni.

Omba idhini ya fedha ya miaka yote ya ujenzi, si ya mwaka mmoja. Hati ya malipo ikifika wiki moja baada ya mwaka wa fedha kufungwa, mafundi huondoka, na thamani ya sarafu yenu haiwangoji warudi.

Usimamizi usiufanyie ubahili. Moscow, Wamarekani walipojenga ubalozi wao mpya, waliacha sehemu za zege zitengenezwe mbali na macho yao. Mwaka 1985 vinasa sauti vikakutwa ndani ya kuta. Ghorofa za juu zilijengwa upya, jengo likafunguliwa mwaka 2000.

Siku hizi bajeti yangu haiondoki mezani bila matengenezo ya miaka mitano: lifti, jenereta, paa. Hazina huanza kukata hapo hapo, na hapo ndipo ninapobishana nao hadi jioni.