Uzamivu wa kompyuta: anza na swali

Wadogo zangu wa Kigoma mnaoniuliza namna ya kuomba nafasi ya uzamivu (PhD) wa sayansi ya kompyuta, vyuo vyetu hutaka kwanza shahada ya uzamili, transkripti (orodha ya matokeo yako ya chuo), barua za walimu wanaokufahamu na andiko la utafiti. Marekani vyuo vingi hupokea hata mwenye shahada ya kwanza tu. Kama ulisoma nje, peleka vyeti TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) vitambuliwe mapema. Transkripti yangu ilikaa ofisini miezi minne, nikakosa dirisha la maombi la mwaka ule. Iliniuma sana.

Kazi kubwa ni andiko. Mimi niliandika "akili mnemba kwa uvuvi", nikarudishiwa. Nikashuka mwaloni Katonga asubuhi, nikakaa na mama mmoja akigeuza dagaa. "Mwanangu," akasema, "mvua ikinikuta nimeanika, nimekwisha." Nikaondoka na swali moja: je, simu ya bei nafuu, bila intaneti, inaweza kusoma picha ya dagaa na kukadiria saa zilizobaki wakauke? Swali hilo ndilo lililonipatia msimamizi wa utafiti.

Msimamizi mtafute kabla ya kuomba. Soma makala zake mbili tatu, kisha mwandikie aya fupi yenye swali lako. Uliza pia kama programu ya masomo ni ya tasnifu (andiko kubwa la utafiti wako) pekee au ina masomo ya darasani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina njia zote mbili. Takwimu na aljebra zipige msasa sasa, maana tasnifu utaitetea mbele ya jopo.

Jumamosi nipo Mwanga, hapa Kigoma. Njooni na maandiko yenu tuyasome.