Kuwaandaa Watu wa Kujitolea wa Dini Kuhudumu Magerezani

Kanisa au msikiti wa Dar es Salaam unaotaka kupeleka huduma katika magereza ya Ukonga, Keko au Segerea mara nyingi huanza kwa kukusanya sabuni na kuchagua wahubiri wenye sauti, ilhali kazi ya kwanza ni barua ya utambulisho kwa Mkuu wa Gereza, yenye majina kamili ya wahusika, namba za vitambulisho vyao, na siku na saa inayoombwa. Asiyekuwamo kwenye orodha asitarajie kupita getini kwa sababu tu amevaa kanzu au kola.

Majibu yakisubiriwa, mafunzo yaanze. Vikao viwili vya nusu siku vinatosha kwa watu kumi.

Katika kikao cha kwanza, elezeni tofauti ya mahabusu na mfungwa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya 1977 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka hatia ithibitike, kwa hiyo mahubiri yanayowaita mahabusu "ninyi wakosaji" yanaanza vibaya hata kabla ya aya ya kwanza kusomwa. Someni pia Kanuni ya 65 ya Kanuni za Mandela za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015: inampa mwakilishi wa dini aliyekubaliwa nafasi ya kuwatembelea faragha wafungwa wa imani yake, lakini inataka anayeikataa ziara hiyo aheshimiwe kikamilifu. Sabuni, basi, isiwe chambo cha ibada.

Kikao cha pili kiwe cha mazoezi, nacho kipewe muda zaidi, kwa kuwa wengi hukosea kwa huruma wala si kwa nia mbaya. Mmoja ajifanye mfungwa anayeomba kwa upole: "Mpigie mama simu tu," au "Nifikishie hiki kikaratasi." Mwenzake ajizoeze kujibu bila kukaripia wala kudanganya: "Ndugu yangu, hilo siruhusiwi, tumweleze afande." Rudieni mpaka jibu litoke bila kusitasita. Kuingiza gerezani vitu vilivyokatazwa ni kosa chini ya Sheria ya Magereza ya 1967, na kikaratasi cha leo ndicho huzaa ombi la simu kesho.

Wafundishwe kutouliza kosa la mtu na kutoahidi dhamana. Mwenye shida ya kesi aelekezwe kwa watoa msaada wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Siri ya mazungumzo itunzwe, ila mfungwa aambiwe mapema kwamba habari ya kutaka kujiua au kumdhuru mwingine haitafichwa. Mtu wa kujitolea anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kwanza, kabla ya kuingia gerezani.

Mwisho, kila zamu iwe na watu wawili wa akiba ambao majina yao yamo kwenye barua ileile, na waendao Ukonga watoke mapema, maana Barabara ya Nyerere ikifunga foleni, waliokwisha kupangwa mstari kusubiri ibada hawana njia ya kujua mko wapi.