Somo: Maji na mbolea kwa nyanya za kwenye ndoo

Ndugu zangu mnaolima barazani na uani, somo la leo ni la kumwagilia na kulisha nyanya zilizopandwa kwenye ndoo. Limeombwa sana, nami nalipenda kwa sababu lilinigharimu.

Msimu wangu wa kwanza hapa Dar es Salaam nilikuwa na ndoo kumi na nne. Miche ikashika, ikachanua, nyanya za kwanza zikafikia ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji. Siku moja nikaigeuza mojawapo nikaona kitakoni doa kama limelowa maji. Siku chache baadaye doa likawa jeusi, limebonyea, gumu kama kipande cha ngozi. Nikaipeleka duka la pembejeo, nikauziwa dawa ya ukungu. Nikapuliza wiki mbili na nyanya zikazidi kuoza. Mwishowe nikaipindua ndoo moja nikaupasua udongo kwa mikono: juu umelowa, pembeni umelowa, katikati kwenye mizizi mkavu, unatoka vumbi. Na mimi nilikuwa nikimwagilia kila jioni, nikiona maji yanatoka chini naamini mmea umeshiba.

Kuoza kitako si ugonjwa, na dawa ya ukungu haikutibu. Tunda linakosa kalsiamu, na kalsiamu husafiri ndani ya mmea kwa kubebwa na maji. Maji yakija leo na kukatika kesho, majani huvuta kilichopo na tunda hubaki bila kitu. Shambani mizizi ingejitafutia maji kwingine. Kwenye ndoo haina pa kwenda, inakutegemea wewe.

Hatua ya kwanza: ndoo na udongo

Tumia ndoo ya lita 20, mche mmoja kwa kila ndoo. Toboa matundu sita hadi manane chini, yenye upana wa kidole kidogo. Kokoto za chini wengi huweka. Mimi sizishauri, zinakula nafasi ya udongo na hazisaidii maji kutoka. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyoiva, na moja ya pumba za mpunga au usumba wa nazi. Usumba hushika maji vizuri mno, ila uwe wa makumbi ambayo hayakulowekwa baharini kwa ajili ya kamba, maana hayo yana chumvi. Usiijaze ndoo mpaka ukingoni. Acha vidole vinne juu, maji yapate pa kutulia kabla ya kuzama.

Ndoo nyeusi huchemsha mizizi kwenye jua la hapa. Ivishe kiroba cheupe.

Hatua ya pili: maji

Mwagilia asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu. Zamisha kidole mpaka kifundo cha pili. Ukikuta ukavu, mwagilia. Ukikuta unyevu, subiri. Ukizoea, utainua tu ndoo upande mmoja na uzito utakwambia.

Mche mchanga hutosheka na nusu lita. Ukishaanza kubeba matunda kwenye jua kali, huhitaji lita moja na nusu hadi tatu kwa siku, na siku za joto kali uzigawe asubuhi na alasiri. Siku ya mawingu punguza. Masika ndoo zikinyeshewa, usimwagilie kwa mazoea tu.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo nilipokosea. Udongo wa ndoo ukikauka sana hujivuta na kuachana na ukuta wa ndoo. Ukimwaga maji kwa pupa, hupita kwenye ule mwanya na kutokea chini, katikati hayafiki. Kwa hiyo mwaga kwa awamu mbili. Kwanza kopo moja, polepole, kuzunguka shina. Nenda kwenye ndoo nyingine. Rudi baada ya dakika kumi, mwaga kilichobaki mpaka yatoke kidogo chini. Kama udongo umeshakauka vibaya, isimamishe ndoo kwenye beseni la maji kwa nusu saa inywe kwa chini, kisha iondoe.

Mwaga kwenye udongo, usioshe majani. Majani yaliyolowa hukaribisha bakajani, ule ugonjwa wa madoa unaokausha majani. Na tandaza nyasi kavu juu ya udongo, unene wa vidole vitatu, usigusane na shina. Matandazo peke yake yamenipunguzia kazi kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya tatu: mbolea

Ndoo huishiwa chakula haraka, kwa sababu kila maji yanapotoka chini yanaondoka na virutubisho. Lisha kidogo kidogo, mara kwa mara.

Siku kumi baada ya kuhamisha mche, nusu kizibo cha soda cha NPK 17:17:17 (mbolea ya dukani, namba zake ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo) kwenye lita moja ya maji, koroga mpaka iyeyuke, mwaga kuzunguka shina. Rudia kila baada ya wiki mbili. Maua yakianza, hamia kwenye mbolea yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni. Muulize muuzaji akuoneshe namba ya tatu kwenye mfuko, iwe kubwa kuliko ya kwanza. Usiweke mbolea ya chumvichumvi kwenye udongo mkavu, inaunguza mizizi. Maji kwanza, mbolea baadaye.

Asiyetaka mbolea ya dukani atengeneze maji ya samadi: kilo moja ya samadi kavu ya ng'ombe ndani ya kiroba, iloweke kwenye lita kumi za maji kwa siku saba hadi kumi, koroga kila siku. Kopo moja la maji hayo kwa makopo manne ya maji safi, kila wiki. Yasiguse matunda.

Kila mwezi mara moja, mwaga maji matupu mengi mpaka yatiririke chini, yasafishe chumvi ya mbolea iliyobaki. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, umechelewa kidogo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mbagala: Shikamoo mama. Nyanya zangu zina majani mazito ya kijani, zimefika kiunoni, ua hata moja sioni. Naweka urea kila wiki.

Marahaba mwanangu. Urea ni naitrojeni tupu, umelisha majani. Acha kabisa, suuza ndoo kwa maji mengi, kaa wiki mbili bila mbolea, kisha anza ile ya potasiamu. Hakikisha pia zinapata jua kwa muda wa saa sita kila siku.

Mwanachama, Mombasa: Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Kingo za majani zinakauka.

Hiyo ni chumvi. Kinga maji ya mvua kila unapoweza, au changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Punguza mbolea ya dukani, na usuuze ndoo kwa maji ya mvua kila wiki mbili. Usiache udongo ukauke, chumvi hukolea maji yanapopungua.

Mwanachama, Temeke: Nimesaga maganda ya mayai nikaweka, mbona vitako bado vinaoza?

Maganda huchukua miezi mingi kuoza, msimu huu hayatakufaa. Rekebisha maji. Nyanya zilizokwisha kuoza zichume zisile nguvu za mmea, angalia zinazofuata.

Mwanachama, Tanga: Nasafiri siku tatu na nyumbani hakuna mtu.

Sogeza ndoo kivulini, ongeza matandazo. Chukua chupa za lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano matundu mawili, jaza maji, chomeka kichwa chini kwenye udongo uliolowa tayari, mbili kwa kila ndoo. Jaribu kabla ya safari uone zinachukua muda gani kuisha.

Mwanachama, Ilala: Januari maua yote yanapukutika, na maji naweka vizuri.

Ni joto. Usiku ukibaki na joto, ua halishiki tunda. Weka kivuli cha mchana kwa neti au kanga kuukuu, usiongeze mbolea. Kwa Pwani mimi huotesha miche Aprili, ichanue wakati wa kipupwe.

Mwanachama, Morogoro: Mmoja umenyauka tangu asubuhi na udongo umelowa. Niongeze maji?

Hapana, kaka. Mnyauko wa saa nane mchana unaopona jioni hauna shida. Wa asubuhi kwenye udongo mkavu ni kiu. Wa asubuhi kwenye udongo uliolowa, mizizi imeharibika. Kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na utulie dakika chache. Likitoa nyuzi nyeupe kama maziwa, ni mnyauko bakteria: mmea uchome, udongo usiutumie tena kwa nyanya, bilinganya wala pilipili, na ndoo uioshe kwa dawa ya madoa. Usipoona kitu, kagua matundu ya chini, huenda yameziba.